Miche Iliyopakwa Kinyesi

Mwalimu Brigitha, pamoja na shahada yake ya baiolojia, alikosea: alidhani mfugaji yule mzee wa kijiji cha Mofu anawachafulia wanafunzi miche mia mbili waliyoipanda ili mto usiendelee kumega ardhi ya shule. Alimkuta ameinama na ndoo ya kinyesi kibichi cha ng'ombe, akipaka kila jani juu na chini kwa vidole viwili vipana, taratibu, kama anayempaka ndama dawa. Kila alipomaliza mche alijifuta kwenye nyasi, kamwe si kwenye nguo.

“Shikamoo babu. Mbona unatuharibia miti?” aliuliza Happyness wa darasa la sita.

“Marahaba. Wewe ungekula ugali uliopakwa mavi?”

“Aka!”

“Basi hata ng'ombe hali.”

Wanafunzi waliangua kicheko, Brigitha hakucheka. Jioni kundi kubwa lilishuka kunywa maji. Ng'ombe wakainusa miche, wakapiga chafya, wakapita. Brigitha akashusha pumzi.

Miti ilipomfikia mabegani ndipo alipoambiwa kwamba mvua huosha kinyesi kile, na kwamba mzee alikuwa akirudi kila baada ya mvua kuipaka upya, mche kwa mche.