Saba ya Fundi

Hapana. Fundi wangu hakuharibu ile bunduki. Niliiharibu mimi, na nimewaambia hivyo, watu wa Mosocho, mpaka koo limenikauka. Mnanitazama tu, halafu mnasema, "Unamtetea Mjaluo wako." Ndiyo, namtetea. Kwani ni nani mwingine kwenye hilo soko alinipa kazi, mimi mtu sikusoma, niliyejifunza ufundi kwa kufungua baiskeli za watu bila ruhusa?

Sikilizeni basi. Mzungu mmoja wa majani chai alileta bunduki yake ya kuwindia nyati. Alitaka ifungwe reli juu ya mgongo, yaani kipande cha chuma chembamba, kirefu kama kiganja, ndio darubini ikae hapo. Kazi hiyo fundi aliijua. Wakati wa vita vya Wajapani alikuwa anatengeneza bunduki za askari huko Bama, ng'ambo. Alitoboa mashimo manne kwa keekee, akakata meno ya skrubu ndani yake, siku nzima, hata chai hakunywa. Asubuhi yake akaitwa Daraja Mbili, kuna lori lilikwama. Akaniachia mimi kukaza tu.

"Omera," akaniambia, maana kwao ndivyo wanavyomwita ndugu, "huo mgongo nyuma iko chini kidogo. Hapo nyuma weka saba kwanza, ndio ukaze. Ukisahau, darubini itaangalia mbingu."

"Saba?"

"Saba. Masikio yako iko wapi?"

Sasa mimi ni Mkisii, yeye wa ziwani. Kikwetu hajui, kikwao sijui, tunaelewana kwa Kiswahili tu, na kila mtu anakivunja kwa upande wake. Mimi nikisema "bicha" badala ya picha, anacheka mpaka anaweka nyundo chini. Yeye shamba anaita "samba", shida anaita "sida". Hayo nilishayazoea. Lakini saba ni saba, jamani. Nikazungusha kila skrubu ya nyuma mara saba, nikihesabu kwa sauti, halafu nikakaza kwa nguvu zangu zote. Nikajiona fundi.

Fundi aliporudi, Mzungu akaja na ubao, akausimamisha kule kwenye mteremko nyuma ya soko. Watu wakajaa. Akalenga kwa darubini, akapiga. Udongo ukaruka mbali chini ya ubao. Akapiga tena, udongo tena. Akamgeukia fundi, uso mwekundu.

"Wewe hapana fundi. Wewe ongo. Mimi ambia chifu funga hii banda yako."

Na watu wetu wakacheka. Mama mmoja muuza ndizi akasema, "Nilijua, hawa wanajua samaki tu." Nikamwendea, tungepigana pale pale kama fundi hangenishika shati.

Hakunigombeza. Alifungua skrubu, akainua reli, akachungulia chini yake. "Omera, saba iko wapi?"

"Nilizungusha saba, fundi. Nilihesabu."

"Ulihesabu nini?"

Akaokota ganda la risasi, akalikata kwa mkasi wa bati, akaligonga mpaka likawa jembamba kama jani, la manjano. Akanisukumia usoni. "Hii. Hii ndiyo saba."

"Hiyo ni shaba."

"Si ndiyo nasema? Saba!"

Nilitaka kulia, nilitaka kumpiga, sijui nilitaka nini. Akaweka kile kipande chini ya reli upande wa nyuma, akakaza. Mzungu akapiga, ubao ukapasuka katikati. Nikamkimbilia yule Mzungu, nikamwambia kosa ni langu, masikio yangu, fundi hana makosa. Akasema, "Fundi yeye, hapana wewe." Akaingia kwenye gari na bunduki yake nzima, akaenda zake kwa chifu.

Banda likafungwa. Fundi akafunga vifaa vyake kwenye gunia, akarudi ziwani, na wateja wote aliowatengenezea majembe hakuna aliyefungua mdomo. Wiki haikuisha, wazee wa soko wakaniita. Wakasema banda sasa lipewe mtoto wa nyumbani. Wakaniwekea ufunguo mkononi, mimi niliyeharibu, wakijua ni mimi, maana nilikuwa nimewaambia kila siku. Nikawatupia ufunguo wao miguuni.

Kwa hivyo msinizungushe tena na hadithi ya bunduki. Kama ni bunduki iliyomfukuza yeye, mbona mimi mlinipa ufunguo?