Tundu la Chini ya Sinki

Nimelelewa Tanga, katika nyumba ambayo kuta zake za ndani hazikufika paani. Chumba na chumba vilitenganishwa na ukuta unaompita mtu kidogo tu kimo, juu yake pakaachwa wazi makusudi ili upepo upite. Na pamoja na upepo yalipita yote: kikohozi cha babu, ugomvi wa shangazi na mumewe, harufu ya mchuzi wa chumba cha tatu. Hakuna aliyeona kuwa hiyo ni kasoro. Mtu akiamka na homa, kabla hajatoka chumbani nyumba nzima imeshajua na uji umeshabandikwa. Nayasema haya mwanzo kwa sababu wanaonisikia nikisimulia habari ya Bladensburg hudhani mimi ni mtu asiyejua maana ya ujirani. Naijua sana, ndiyo maana inaniuma.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni nilikaa Bladensburg, Maryland, mimi na binti yangu wa miaka sita, katika nusu ya nyumba kuukuu ya mbao. Nasema nusu kwa kuwa ilikuwa nyumba pacha: paa moja, ukuta mmoja katikati, familia mbili. Nusu ya pili alikaa mama mmoja mtu mzima kutoka Bukavu, aliyeletwa na mwanawe baada ya vita kuwafukuza kwao. Mwanawe aliendesha lori la masafa marefu. Nyumbani yupo siku tatu, kisha hayupo wiki mbili. Mama alikuwa na sukari na goti bovu. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji, na ukiondoa kanisani Jumapili mwanawe akiwapo, hakuwa na pa kwenda.

Tulipokuwa tumejuana kiasi, yule kijana alikuja kwangu na ufunguo wa akiba wa mlango wao. Akaushika kwa mikono miwili kunikabidhi, kwa adabu yao.

"Mama iko yeye moja, dada," aliniambia. "Naomba unisikilizieko."

Nilimjibu kuwa mama yake ni mama yangu. Ni maneno tunayoyasema sote, lakini siku ile sikuyasema kwa kupamba mdomo.

Wala kumsikiliza hakukuwa kazi. Sinki langu na sinki lake yalipeana migongo, na mabomba yalipita katika ukuta ule wa katikati. Fundi aliyetoboa tundu la mabomba, Mungu amrehemu kama amekufa, alitoboa kama anayetaka kupitisha kichwa cha mbuzi. Nikifungua kabati la chini ya sinki kutoa sabuni, namsikia mama anasuuza vikombe. Basi ikawa desturi yetu. Asubuhi nikishabandika chai, nafungua kabati, nainama, nauliza, "Mama, uko?" Naye anajibu kutoka upande wa pili, "Niko, voisine." Hilo ndilo jina alilonipa, maana yake jirani kwa Kifaransa chao. Siku nyingine maneno yanazidi: atanieleza kuwa leo anapika sombe, yaani kisamvu chetu, au atanigombeza kwa kufanya zamu nyingi kama punda wa chokaa. Binti yangu ndiye aliyepapenda zaidi. Aliingiza kichwa baina ya chupa za sabuni akasimuliwa hadithi kwa Kiswahili cha Bukavu, yeye akijibu kwa Kiingereza, na wote wawili wakacheka mahali pamoja. Mimi nikimfokea atoke, anachafua nguo za shule.

Sasa, baridi ya nyumba ile. Hita ilinguruma mchana kutwa na chumba cha binti yangu, ghorofani, kikabaki kama jokofu. Mtoto alikuwa na pumu. Nilibandika plastiki madirishani, nikaziba kingo kwa utepe, nikalaza mataulo chini ya milango, na bado pazia lilitikisika dirisha likiwa limefungwa. Januari ile alibanwa na kifua hadi akalazwa hospitali siku mbili. Daktari aliniuliza habari za nyumba kabla hajaniuliza habari za mtoto. Nilirudi nimekasirika, na mimi nikikasirika huwa sikai kitako. Kazini niliambiwa kuna mpango wa kusaidia wanaokaa nyumba za zamani kuziba upepo. Nikajaza fomu, na kabla ya mwezi kwisha akaja mzee mmoja Mmarekani mweusi, mpole, mwenye kutembea polepole kuliko saa yake.

Alizitazama plastiki zangu akatabasamu. Hakunicheka, lakini nilijua. Akabana kwenye fremu ya mlango wa mbele turubai lenye feni kubwa, akaeleza kuwa feni itanyonya hewa ya ndani itoke nje, na hewa ya nje italazimika kuingia kupitia kila tundu lililojificha. Akauliza kama nina kitu cha kutoa moshi kidogo. Mtoto wa Tanga hakosi udi. Nikaleta kijiti, nikakiwasha, tukaanza kuzunguka nyumba.

Madirishani moshi ulipanda wima, umetulia. Nyuma ya beseni la kuogea ulikatika. Kwenye kifuniko cha dari ulitawanyika, hata kwenye soketi za umeme ulipinda. Mzee alinifafanulia kuwa hewa yenye joto hupanda na kutokea juu, kwenye nyufa za darini, na inapotoka huvuta ya baridi kutoka chini, kupitia mahali ambapo hakuna anayechungulia. Mimi nilikuwa nimemziba mwizi dirishani, kumbe yeye anaishi ndani ya kuta. Nyumba njema si mlango, walisema wazee, na nyumba mbovu vilevile si dirisha.

Tulipofungua kabati la chini ya sinki, moshi wote ulinirudi usoni, pamoja na harufu ya sombe. Mzee alipiga magoti akamulika tochi. Alisema hili ndilo kubwa lao, kwa kuwa ukuta wa katikati ulikuwa mtupu ndani na hewa yake inakwenda moja kwa moja hadi darini kama bomba la moshi. Yeye na mwenzake wangeziba dari wiki ijayo, pia wangehakikisha hita inatoa moshi wake nje vizuri, kwani nyumba iliyozibwa haitaki mzaha na gesi. Matundu madogo madogo aliniachia mimi, pamoja na makopo mawili ya povu la kuzibia. Kazi yake rahisi, alisema: unapuliza, linaumuka, linakauka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tumefundishwa hivyo tangu darasa la kwanza. Mimi niliziba ufa, na ukuta ukasimama palepale.

Niliziba siku yangu ya mapumziko. Povu lilitoka laini, la manjano, likaumuka kama unga wa maandazi hadi likayameza mabomba. Nilijisikia fundi. Baadaye nilichukua chapati nne nikaenda kwa mama kumweleza. Nasema kumweleza, kwa kuwa sikumwuliza kabla. Alifungua kabati lake, akaweka kiganja mahali upepo ulipokuwa ukitokea, akasema vizuri, sasa hata miguu yake itapata joto. Kisha akanitazama.

"Sasa utanisikia wapi, voisine?"

Nikamwambia nitakuwa napita mlangoni kila asubuhi.

"Mulango iko mbali, mwanangu," akasema.

Kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua kumi na mbili. Nilicheka, tukanywa chai, yakaisha.

Sitasema uongo, nilifurahi. Nyumba ilishika joto. Hita ikawa inanyamaza hata nusu saa. Binti yangu alilala bila filimbi ile kifuani, nami nilisimama mlangoni kwake nikisikiliza kimya nikimshukuru Mungu. Asubuhi tisa mfululizo nilivaa koti na viatu nikaenda kugonga kwa mama. Mara mbili nilimkuta bado kitandani, akajikokota na goti lake kuja kunifungulia, nikaona namsumbua. Tazama jinsi mtu anavyojitengenezea sababu.

Ijumaa moja ikanyesha ile mvua inayoganda ikifika chini. Ngazi zikawa kioo. Mwisho wa juma huo nilikuwa na zamu mbili mbili kwenye nyumba ya wazee nilikofanya kazi, na binti yangu nilimpeleka Langley Park kwa mama mmoja Mkenya aliyetulelea watoto. Jumamosi asubuhi nilitoka nikishika reli kwa mikono miwili, basi langu liko karibu kufika. Nikaona taa ya jikoni kwa mama inawaka. Nikajiambia ameamka, yuko salama, nitapita jioni. Jioni nilirudi miguu imevimba, taa inawaka, nikajiambia anapika. Jumapili vilevile. Mwenye akili angejiuliza taa gani ile isiyozimwa. Siku hizo mbili niliwageuza mama za watu kitandani, nikawafuta midomo, nikamwuliza kila mmoja amelalaje.

Jumatatu kabla ya adhuhuri simu ililia. Alikuwa mwanawe, yuko njiani huko Tennessee, anasema tangu jana anapiga kwa mama, simu inaita bila kupokewa. Nilichukua ufunguo. Zile hatua kumi na mbili nilizikimbia juu ya barafu na sikuanguka.

Alikuwa jikoni, sakafuni, amelalia ubavu, amevaa kitenge na sweta, mguu mmoja umekaa vibaya. Simu ilikuwa ukutani, juu, mahali asipoweza kufika. Sufuria za kabati la chini ya sinki zilikuwa zimetolewa nje, moja moja, zimetapakaa. Milango ya kabati ilikuwa wazi, na kichwa chake na mkono wake vilikuwa ndani. Nilimgusa shingo. Kazi yangu imenifundisha, sikuhitaji kumgusa mara ya pili.

Kisha nikaliona povu. Lilikuwa limepenya hadi upande wake, na lilikuwa limechimbwa. Shimo la kina cha kidole. Kijiko kilikuwa pembeni, na chengachenga za manjano zilikuwa sakafuni, kwenye sweta, chini ya kucha zake. Mama alikuwa amejiburuta kutoka alipoangukia hadi pale, akatoa sufuria, akaniita. Aliponiona siitiki, akaanza kuchimba. Sijui aliniita saa ngapi, wala mara ngapi. Najua kuwa Jumamosi jioni nilisimama kwenye sinki langu nikiosha chombo cha chakula, redio imewashwa, nikimwimbia mwimbaji kibwagizo chake. Kati yangu na yeye palikuwa na urefu wa mkono.

Nilikaa chini nikalia, lakini sikulia sana. Nilifanya jambo jingine. Nilizikusanya zile chenga kwa kiganja, zote, nikazitia mfukoni mwa koti. Nilichukua kitambaa chenye maji nikamsafisha kucha, nikijiambia kuwa ni heshima kwa maiti. Haikuwa heshima, ilikuwa woga. Nikamvuta kidogo kutoka kabatini, nikarudisha sufuria, nikafunga milango. Ndipo nikapiga simu kuita gari la wagonjwa.

Waliokuja waliandika kuwa ameanguka, nyonga imevunjika, na sukari yake na kukosa maji vimemmaliza. Hakuna aliyeangalia chini ya sinki. Wangeangalia kwa nini?

Mwanawe alifika kesho yake. Msiba uliwekwa nyumba zote mbili. Wakongomani waliimba nyimbo zao za kanisani, Wakenya walileta viti na sukari, sisi Watanzania tukapika pilau. Binti yangu aliniuliza kwa Kiingereza kama bibi aliogopa, nikamtuma alete sahani. Siku ya pili yule kijana alisimama mbele ya watu akanishika mkono akanishukuru. Alisema mama yake kila walipozungumza kwa simu alimwambia asiwe na hofu, yeye hayuko peke yake, ana voisine. Kina mama wakanipigia vigelegele vya chini chini, vile vya msibani. Nilitazama viatu vyangu.

Watu walipopungua alinifuata jikoni kwa mama yake. Aliegemea sinki lile lile. Macho yake yalikuwa makavu tangu alipofika, na watu walikuwa wameanza kumhofia.

"Dada," akasema, "mama alikuita?"

Nilikuwa nimevaa koti lile, mkono mfukoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema yote. Alikuwa mtu mpole, pengine angenisamehe, na pengine asingenisamehe, ambayo ingekuwa haki yake pia.

"Hakuniita," nikamwambia. "Angeniita ningesikia."

Mabega yake yakashuka. Akalia, mara ya kwanza, kwa sauti, kama mtoto, akisema asante Mungu, basi alienda haraka, basi hakuteseka. Nilimshika bega nikamwambia ndiyo, hakuteseka.

Anaamini hivyo hadi leo. Kila mwaka siku hiyo ikifika hunipigia simu kunishukuru, nami huipokea.