Mkaguzi wa Bima Kala Chapati Zangu

Leo nimemkaribisha mtu chai, naye kaninyima bima.

Tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto limevuja huku kwetu pembezoni mwa London, bustani nzima inanuka. Watu wa bima wakamtuma mkaguzi.

Mgeni ni mgeni jamani. Nikampa chai ya tangawizi na chapati.

Mpole kweli. "Pole sana, hiyo harufu imekusumbua tangu lini?"

Nami kwa kupiga soga tu nikamjibu, tangu baridi ianze.

Akamaliza kutafuna. Akasema uvujaji wa ghafla wanalipa, wa polepole wa miezi kama huu wangu hawalipi.

Na chumvi yangu kaila yule.

Mlangoni akaomba chapati moja ampelekee mkewe. Nikamfungia kwenye karatasi.

Semeni wenyewe, ningemnyima?