Uzi wa Kijani Mbele ya Juji

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka bado ninacheka, ingawa siku yenyewe niliogopa sana. Nilikuwa bibi arusi mpya hapa mtaani Katuba, enzi za wakoloni, mji wetu ukiitwa bado Élisabethville, na nilikuwa ninajifunza kushona kwa masista.

Jirani yetu Mwepu alikuwa masoni, fundi wa kujenga, hana mke. Jumatano moja aliniletea shati lake la kazi, mkono umefumuka. Uzi mweupe ulikuwa umeniishia, nikamshonea kwa wa kijani. Kesho yake polisi wakamkamata na shati wakalichukua. Walisema Jumatatu aliiba katika duka moja la vitambaa, na kipande cha shati lake kilikutwa siku hiyohiyo kimenasa dirishani.

Polisi mmoja akaja kwangu na lile shati, kwa kuwa Mwepu alisema mimi ndiye niliyelishona: je, ninalijua? Sasa mkono ulikuwa na tundu. Akaweka kile kipande juu ya tundu, kikaenea sawasawa, na uzi wangu wa kijani ukapita katikati yake. Nikaelewa palepale. Kipande cha Jumatatu kingebebaje uzi niliotia Jumatano? Walikikata wenyewe. Lakini mdomo wangu ulisema silijui, nikatia alama ya kidole kwenye karatasi yake iliyosema hivyo.

Nilimsimulia mama mkwe wangu, nikidhani atanisifu kwa kutojiingiza katika mambo ya watu. Aliacha kusonga bukari, ugali wetu, akaniangalia.

"Mutoto, mikono yako ilishona ile shati. Sasa mudomo yako inaogopa nini? Kama ni bwana yako wamefunga, ungelala?"

Siku ya kesi alivaa kitambaa chake kizuri, akanishika mkono mpaka tribinali, kule mahakamani.

Juji, yaani hakimu, Mzungu wa makamo mwenye miwani, aliniuliza kupitia mkalimani kwa nini nilisema silijui shati.

"Niliogopa polisi," nikajibu. "Leo naogopa mama-mukwe yangu zaidi."

Watu wakacheka, mkalimani naye akashindwa kutafsiri kwa kicheko. Nikaeleza habari ya uzi, na mama mkwe akathibitisha kwamba ilikuwa Jumatano. Mwepu alikuwa amesema hivyohivyo, hakuna aliyemsadiki. Polisi akadai uzi wa kijani uko kila duka, mtu yeyote angeshona. Basi juji akaagiza sindano iletwe nishone mbele yake. Mishono yangu ikaenda kombo, mmoja mrefu, mmoja mfupi, ileile iliyowachosha masista. Juji akailinganisha na ya kwenye kipande, akavua miwani, akamwuliza polisi alikitoa wapi. Yule bwana akachukua kofia yake, akautafuta mlango.

Mwepu aliachiliwa siku ileile. Njia nzima aliimba kwa sauti mbaya kabisa, na hatukumnyamazisha.

Mwanangu, ninyi mnasoma, hamtii kidole kama sisi. Basi soma karatasi kabla ya kuweka jina lako, na kama haisemi ulichokiona, kataa, hata aliyeishika awe na kofia ya serikali. Sema ulichokiona, usiongeze, usipunguze. Na kama uoga ulikushinda mara ya kwanza, rudi useme ulikosea. Mimi nilirudi na sikufa. Mungu akupe moyo usiotetereka na watu wa kukushika mkono siku ukitetereka. Nenda salama, na nyumba yako ijae kicheko.