Goti la Chuma na Salamu za Ukweni

Watu huniambia, "Hayo yamepita, samehe." Sisamehe ng'o!

Mama yangu aliteswa na goti tangu nikiwa darasa la kwanza, tulipokuwa tukikaa mjini, mtaa wa Isevya. Akabahatika. Daktari mgeni katika hospitali ya misheni akalitoa goti bovu, akamwekea jingine: chuma juu, chuma chini, katikati kipande cha plastiki ngumu. Akamwambia mbele ya baba, "Mama, chuma hakina neno. Plastiki ndiyo inayolika, kama soli ya kandambili. Tembea, lakini usipige magoti. Ikiisha, hapa hatuna nyingine." Baba akaitikia kwamba tumesikia.

Mama akatembea! Alikwenda sokoni na kurudi bila fimbo, anacheka peke yake njiani.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Goweko, nyumba zimepangwa mistari. Tukiwa mjini, wakwe zake mama aliwaona sikukuu hadi sikukuu. Huku shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa mlango wa pili. Kila asubuhi alisimama uani kwetu kusubiri mke wa mdogo wake apige magoti amsalimie, kama ilivyo desturi yetu Wanyamwezi. Siku ya kwanza mama aliinama tu, akamweleza maneno ya daktari.

"Loo! Wifi, kumbe wamekuwekea goti la kizungu pamoja na adabu ya kizungu?" Alisema kwa sauti ya kusikika mstari mzima, na wanawake wakaangua kicheko. Mama akamtazama baba. Baba akajitia anakaza mnyororo wa baiskeli.

Kesho yake mama akapiga magoti. Na keshokutwa. Akimsalimia shangazi, akiwatengea chakula wazee wa ukoo, akimpokea mgeni, chini kwenye udongo mkavu. Siku moja nikamuuliza shangazi usoni, "Likiisha, utampa la kwako?" Nikachapwa, na aliyenichapa ni baba.

Likaisha. Lilianza kuyumba, likavimba, mwisho mama akiinuka ukawa unasikia chuma kinasaga chuma. Tukamrudisha hospitali. Daktari alikuwa ameshakwenda kwao, na kile kipande cha plastiki hakikuwepo. Tukamrudisha nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe, akawa mtu wa kukaa mkekani, hata chooni anashikwa mkono.

Shangazi akaja kutoa pole. Pole gani! Alisimama mlangoni, anasubiri apigiwe magoti. Nikamwona mama anashika ukuta, anajivuta, jasho linamtoka. Nikamshika bega.

"Mama, kaa. Usithubutu."

Baba alikuwa kwenye kiti chake. Tangu tuhamie pale hakuwahi kusema neno lolote kuhusu goti lile, wala la kumtetea mama. Siku hiyo akasema.

"Mwache mama yako asalimie."