Sululu Asikosekane

Nilikwenda kutazama ndege nikiwa na sululu begani. Ile ya chuma, ya mama, anayochimbia mashimo ya migomba.

Nakiri ni ujinga, ila nusu ya kosa ni ya mwalimu wetu wa baiolojia. Alitangaza: "Kesho tunashuka bondeni Tangini. Sululu asikosekane!" Mwalimu katoka bara, ngeli humpiga chenga kila siku. Nikamsahihisha kimoyomoyo, isikosekane, nikaibeba. Nani alijua kuna ndege anaitwa sululu?

"Oya fundi, msingi tunachimba wapi?" wenzangu wakanipokea.

Mwalimu hakucheka. Alishanionya kwamba utani mmoja zaidi ungenitoa kwenye kikundi kinachokwenda Kisarawe kwenye mashindano ya sayansi. "Umekuja kunidhihaki. Kisarawe huendi."

Wallahi safari hii sikuwa natania! Nani angeniamini?

Nikachuchumaa kando, nimenuna, nikitazama ndege wageni waliokimbia baridi ya Ulaya. Vitwitwi walikuwa wakidonoa juu juu ya tope, mbio mbio kama wanafunzi waliochelewa kuhesabu namba mstarini. Sululu alikuwa mmoja tu, kapotea kutoka pwani, mdomo mrefu umepinda kwenda chini. Anauzamisha kwenye tundu la kaa, anazungusha shingo, anachomoa kaa. Anamkung'uta mpaka miguu inakatika, anamsuuza majini, anameza. Msafi kuliko sisi mezani.

"Kwa nini mdomo umepinda?" mwalimu akauliza. Mmoja akasema ni kilema.

Nikainuka na chuma changu. "Mwalimu, tundu la kaa halinyooki, linakata kona. Vitwitwi wana midomo mifupi, wanaishia mlangoni. Huyu mdomo wake unakata kona na tundu, anamfuata mwenye nyumba mpaka chumbani." Nikachomeka ncha ya sululu kwenye tundu tupu, nikaizungusha taratibu. Ikaingia yote.

Mwalimu akanitazama, kisha chuma, kisha ndege. Akaangua kicheko mpaka vitwitwi wakaruka.

"Kisarawe, msemaji ni wewe."

Na Kisarawe nilisema! Majaji walicheka, wakauliza, nikajibu, tukaondoka na kikombe cha kwanza. Shule nzima ikaniita Sululu, nami nikawa naitika, kwa "a" ya asikosekane.

Nikaingia nyumbani kifua mbele, nikamsimulia mama yote bila kupumua. Akakishika kikombe, akakigeuzageuza, akacheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akasema: "Hongera, baba angu. Sasa mshindi akavue sare, vyombo vya mchana havijui sayansi."