Dawa ya Macho ya Akonkwa na Maji ya Baraka

Tulikuwa tunachambua maharage mbele ya nyumba yetu ya Kasha, mtaa wa Bagira, mama na mimi, mjomba wetu Tonton Grégoire alipofika kutoka hospitali. Ilikuwa mwezi wa sita 2001, saa tatu ya asubuhi. Alivua kofia, akakaa kwenye kibao bila kusalimia. Termosi ya uji tuliyompa alfajiri ampelekee Akonkwa ilikuwa bado imejaa.

"Akonkwa amepumzika," akasema. "Alienda mupole. Muke wake Jeanine alikuwa anamushika mukono."

Mama alifanya ishara ya msalaba kwanza, kisha akalia.

Akonkwa alikuwa kaka yangu mkubwa, fundi wa kushona nguo. Naandika ili watoto wa ukoo wajue jinsi alivyokuwa, kwa maana alituchekesha kuliko alivyotutoa machozi.

Tangu utoto jua lilikuwa adui yake. Alitembea mchana na kitambaa kichwani, macho yamefungwa nusu, yakitoa machozi. Mwaka 1995 daktari mgeni alimulika macho yake na taa ndogo, akatuita tuangalie. Katika kioo cha mbele cha jicho mlikuwa na vipande vidogo vinavyong'aa, kama chembe za sukari. Alisema ni ugonjwa wa nadra unaorithiwa: baba na mama wanaubeba wote wawili bila kuumwa, bila kujua. Mama alitaka kuomba msamaha. Akonkwa akamwambia, "Maman, umenipa vitu vingi vizuri, hiki kimoja nitakusamehe."

Dawa ilikuwepo, matone ya kuyeyusha chembe hizo, lakini ilitengenezwa Ubelgiji. Sista Clémence wa parokia ndiye aliyetuletea, akiipitishia Cyangugu, ng'ambo ya mpaka, hata vita ya pili ya 1998 ilipofunga njia nyingine. Ilipaswa kukaa kwenye baridi na kutiwa jichoni kila saa. Umeme ulikatika kila mara, basi mama aliweka chupa ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji. Na kwa kuwa Akonkwa alikuwa na mikono miwili tu, na yote iko kwenye mashine, kazi ya matone aliwapa wateja.

"Maman Monique, tia tone kwanza, kisha nitapima kiuno."

"We Akonkwa! Nimekuja kushona ao kuuguza?"

"Vyote. Na kiuno chako nikikipima na macho mabaya, robe ninayokushonea itamutosha mama mukwe wako."

Wanawake walicheka, wakagombania chupa. Baada ya miezi michache alianza kushona barazani, kwenye mwanga, kitambaa kiko mfukoni.

Hapo akampenda Jeanine wa Muhumba, mtaa wa kando ya ziwa. Baba yake, Papa Cyprien, karani wa ofisi, hakutaka, kwa kuwa alisikia habari za kile kitambaa cha zamani. Alimwambia binti yake wazi: "Mwanaume anayejifunika kichwa saa sita ya muchana, kesho akipofuka nani atamuongoza? Mutoto wangu?" Jeanine akabembeleza, hata mzee akakubali kutupokea Jumapili moja ya mwezi wa tatu 1999, amwone Akonkwa kwa macho yake. Kaka yangu alijua hakutakuwa na Jumapili ya pili.

Jumatatu ya juma hilo risasi zililia upande wa mjini. Mama akakumbuka maji ya baraka ya Lourdes, ambayo Sista Clémence alikuwa ametuletea katika mfuko uleule wa dawa, katika chupa ndogo ya namna ileile. Alizunguka nyumba akisema Salamu Maria, akanyunyizia pembe zote nne, mlango, choo, hata banda la sungura. Risasi zikanyamaza. Mama akashukuru. Baada ya saa moja Akonkwa akaingiza mkono ndani ya chungu, akakuta chupa tupu. Ile ya Lourdes ilikuwa kando ya Biblia, imejaa.

Hakumgombeza. Aliuliza tu kama sungura wanaendelea vizuri.

Kufika Jumapili macho yalikuwa mekundu. Nilimshauri tuahirishe. "Nikiahirisha atasema nimepofuka tayari," akanijibu. Tulimwongoza kwa mkono mpaka Muhumba, Tonton Grégoire na mimi, yeye na kitambaa kichwani, mama nyuma yetu. Saluni ya Papa Cyprien, chumba chake cha wageni, ilikuwa na madirisha makubwa upande wa ziwa. Mwanga wote wa Kivu ulikuwa mule ndani. Akonkwa alikaa macho yamefungwa, machozi yakishuka.

"Kijana iko analala?" akauliza Papa Cyprien.

Mama akasimama. Tulikuwa tumemwambia anyamaze.

"Papa Cyprien, kosa ni langu. Alikuwa anaona vizuri. Nimebariki nyumba na dawa yake."

Akaeleza yote, pamoja na choo. Mzee alisikiliza uso umekazwa. Ghafla akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza.

"Basi nyumba yenu sasa inaona kuliko nyumba zote za Bagira!"

Akainuka yeye mwenyewe, akafunga mapazia, moja baada ya lingine. Akonkwa akafungua macho.

"Dawa ikirudi, utaona kiasi gani?"

"Kiasi cha kumuona Jeanine, Papa. Na kiasi cha kukuona wewe ukikasirika, nikimbie mapema."

Dawa ilirudi baada ya wiki tatu. Walifunga ndoa mwezi wa nane, akasimama mbele ya kanisa saa sita kamili, kichwa wazi, akimtazama mke wake.

Daktari alikuwa ametuonya kwamba matone ni ya macho tu. Ugonjwa uleule unakula figo pia. Mungu alimpa miaka karibu miwili ya ndoa, halafu figo zikachoka.

Tulimzika siku iliyofuata ile asubuhi ya maharage. Padri alisoma Misa, wateja wake waliimba. Papa Cyprien alikataa kiti cha wazee, akabeba jeneza mbele, upande wa kulia, mpaka makaburini. Jeanine alitupa udongo wa kwanza, mama wa pili, mimi wa tatu. Tukasali Baba Yetu, wanaume wakafunika kaburi, tukarudi nyumbani kwa miguu.